Wabebaji Wapo, Dawa Haipo: Kuwahudumia Wanaokaribia Kufa Minembwe

Hospisi ya Marekani, yaani huduma ya wanaokaribia kufa, ikitaka kulipwa na Medicare, bima ya serikali kwa wazee, ina sharti moja la ajabu: saa za watu wasiolipwa zifikie angalau asilimia 5 ya saa ambazo wafanyakazi wanaolipwa huwahudumia wagonjwa. Bunge la nchi hiyo lilipoiingiza hospisi katika bima mwaka 1982, halikutaka kazi iliyoanzishwa na watu wa kujitolea igeuke biashara tupu. Kwa hiyo hospisi huajiri mtu wa kuwatafuta wanaojitolea, kuwafundisha na kuhesabu saa zao. Banyamulenge walionusurika mauaji ya Gatumba, Burundi, Agosti 2004, na Babembe waliopitia kambi ya Nyarugusu, Tanzania, wanazeekea katika nchi hiyo. Mzee wao akishindwa kuinuka, huja muuguzi mwenye dawa za maumivu, na siku nyingine huja mgeni kabisa ambaye kazi yake ni kukaa tu na mzee ili binti yake apate nafasi ya kwenda dukani.

Huko walikotoka mambo ni kinyume. Minembwe, milimani mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, haina hospisi, na mofini ya kunywa haimo katika maisha ya kawaida ya vituo vyake vya afya. Ila mtu wa kukaa na mgonjwa hajawahi kukosekana. Jirani hulala hapo, mama wa kanisa huleta uji, vijana hubeba. Ndiyo maana naona kila mpango wa tiba shufaa, yaani tiba ya kupunguza mateso ya mgonjwa, unaoanza kwa kuandikisha watu wa kujitolea Minembwe, kuwapa fulana na kofia, unaanza mahali pasipo na upungufu.

Tuanze na hao wabebaji, kwa sababu wao ndio taasisi ya kwanza ya afya katika milima ile. Minembwe iko kwenye nyanda za juu za teritwari ya Fizi, jimbo la Kivu ya Kusini, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Mji wa Baraka uko chini, kando ya Ziwa Tanganyika. Barabara ya magari kati ya ziwa na milima haitegemeki. Kwenye uwanja wa Kiziba hutua ndege ndogo, pale usalama na mfuko wa msafiri vinaporuhusu. Wengine wote hutegemea miguu, na mgonjwa hutegemea mabega ya wenzake. Machela ya miti, ingobyi kwa Banyamulenge, hubebwa kwa zamu: wachache wanatangulia, wachache wanapumzika huku wakitembea, na nyuma kuna mwanamke mwenye sufuria, blanketi na pesa zilizofungwa kwenye kitenge. Anayekataa kubeba leo anajua kesho hatapata wa kumbeba. Watu walewale ndio humbeba mgonjwa akirudi, na ndio humpeleka kaburini.

Vikundi vya namna hiyo viko pia kusini-magharibi mwa Uganda, Kigezi hasa, ambako machela huitwa engozi. Huko kila kaya huchangia, jina la asiyefika kubeba huandikwa na faini hutozwa. Hospitali ya Bwindi ilipoanzisha bima yake ya afya mwaka 2010, haikubuni vikundi vipya; ilikwenda kwenye engozi, kwa sababu palikuwa na orodha ya kaya, mweka hazina na watu waliozoea kuaminiana juu ya fedha na juu ya maiti. Nadhani hilo ndilo somo kubwa kuliko yote kwa Minembwe, na sijui kwa nini watu wa miradi huliruka.

Kinachokosekana huonekana machela inapogeuzwa kurudi nyumbani. Saratani ya mlango wa kizazi, ya titi, ya ini, Ukimwi uliochelewa kutibiwa, moyo uliochoka, kiharusi, figo, watoto wenye selimundu, ugonjwa ambao Kongo inao kwa wingi kuliko nchi nyingi duniani: haya yote hufika hospitali yakiwa yamekomaa. Tiba ya mionzi kwa mtu wa Kivu ya Kusini mara nyingi maana yake ni Kampala, Kigali au Dar es Salaam, yaani pasipoti, nauli na ng'ombe kadhaa. Ng'ombe mwenyewe, tangu vita viwake upya mwaka 2017 na mifugo kuporwa kwa maelfu, ni mali ambayo kaya nyingi za milimani zimebaki kuisimulia. Basi familia huuza kilichobaki, humzungusha mgonjwa kutoka kituo hadi kituo, kisha hutokea jambo ambalo kila Mkongomani analijua: bili haikulipwa, mgonjwa anazuiliwa wodini hadi jamaa wakachange. Wapo wanaofia pale, na mwili nao unazuiliwa.

Katika hali hiyo, msaada wa kwanza ambao mtu wa kujitolea angeweza kuutoa si kumshika mgonjwa mkono. Ni kuiambia familia mapema, kwa adabu na kwa uhakika wa mtu aliyefundishwa, kwamba safari ya tatu haitabadili kitu, na kwamba fedha iliyobaki ingenunua chakula cha watoto. Kwa kawaida hakuna anayelisema. Daktari ana wagonjwa wengi na anajificha nyuma ya Kifaransa. Mchungaji anaahidi uponyaji. Wajomba hawataki kuonekana wamekata tamaa. Mgonjwa mwenyewe huwa wa mwisho kujua, ingawa mara nyingi ndiye wa kwanza kuhisi.

Akifika nyumbani, anakutana na maumivu. Hapa ndipo upendo wote wa jirani unapogota. Saratani ikifika kwenye mifupa au kwenye mishipa ya fahamu, parasetamoli haifui dafu. Binti wa miaka 13, ambaye ameachishwa shule ili amwuguze mama yake, atakaa usiku kucha akimsikiliza akilia, na atakumbuka kilio hicho maisha yake yote. Nchini Uganda chama cha tiba shufaa, PCAU, kiliona watoto wa namna hiyo kuwa wengi kiasi cha kuanzisha mpango maalumu wa kuwarudisha shuleni. Milima ya Fizi ina watoto kama hao, ila hakuna aliyewahesabu.

Mwaka 2017 tume ya jarida la kitabibu The Lancet ilitoa hesabu inayotosha kuumaliza ubishi kuhusu nani anaumia bure. Kwa wastani wa miaka ya 2010 hadi 2013, dunia iligawa kila mwaka tani 298.5 za dawa kali za maumivu zikipimwa kwa kipimo cha mofini. Nchi maskini zilipata tani 0.1. Tume hiyohiyo ilikadiria kuwa watu zaidi ya milioni 61 kwa mwaka hupata mateso makali ya ugonjwa yanayoweza kupunguzwa. Shirika la Afya Duniani kwa upande wake husema kuwa kati ya wanaohitaji tiba shufaa, wanaoipata ni takribani asilimia 14. Tusidhani kwamba mofini ni ghali. Poda yake inachanganywa na maji safi na dawa ya kuihifadhi, inatiwa rangi ili iliyo kali isichanganywe na iliyo hafifu, kisha inamiminwa kwenye chupa. Inazuiwa na hofu, karatasi na sheria zilizotungwa kuwakomesha watumiaji wa dawa za kulevya, zikawasahau wagonjwa.

Nchi iliyoonyesha kwamba hofu hiyo ina dawa iko upande wa pili wa mpaka. Anne Merriman, daktari aliyezaliwa Liverpool na kufanya kazi Nigeria na Singapore, alifika Kampala mwaka 1993, Ukimwi ukiwa umeijaza miji na vijiji, akiwa na fedha za kuwaweka watu watatu kazini kwa miezi mitatu. Hospice Africa Uganda ilianza hivyo. Haikujenga wodi ya kulaza watu. Merriman aliona kwamba Mwafrika anayekufa anataka kufia kwake, karibu na makaburi ya wazee wake, kwa hiyo muuguzi ndiye aliyefunga safari, na chupa ya mofini mkobani. Mwaka 1998 yakafunguliwa matawi Mbarara na Hoima. Merriman aliishi na kufanya kazi Uganda hadi alipofariki Mei 2025, akiwa na miaka 90.

Mofini ilihitaji mkono wa kuiandika, na madaktari walikuwa wachache. Hapo Uganda ilifanya jambo ambalo hakuna nchi nyingine ya Afrika iliyokuwa imelithubutu: kanuni ya mwaka 2004 iliwaruhusu wauguzi na maafisa tabibu waliosomea kozi maalumu, ya miezi 9, kuandika mofini. Serikali ikakubali kuitoa bure. Kenya ilikuwa na Nairobi Hospice tangu 1990, Zimbabwe na Island Hospice tangu 1979, lakini ruhusa hii ya muuguzi ndiyo iliyoipeleka dawa vijijini. Rwanda, jirani mwingine wa Kivu, ilitunga sera yake mahususi ya tiba shufaa mwaka 2011.

Watu wa kujitolea waliingia baada ya hapo, na mpangilio huo una maana. Hospice Africa Uganda iliwafundisha wanakijiji, ikawapa baiskeli, kazi yao ikiwa kumtafuta mgonjwa aliyefichwa nyuma ya nyumba, kumtazama kati ya ziara moja ya muuguzi na nyingine, na kupiga mbiu hali ikibadilika. Arusha, Hospitali ya Kilutheri ya Selian ilipoanza huduma yake mwaka 1999 iliwategemea washarika. Nyuma yao wote alikuwapo muuguzi, na nyuma ya muuguzi stoo yenye chupa. Mtu wa kujitolea aliyeona mgonjwa anaumia alikuwa na mtu wa kumwita. Huyo wa Minembwe, akiona hivyohivyo, amwite nani? Mara mbili tatu atarudi, kisha ataacha kwenda, kwa kuona aibu ya kusimama mikono mitupu mbele ya mtu anayelia. Wengine humwita mtu huyo mvivu.

Kuna anayeuliza kama mofini inaweza kukabidhiwa eneo la vita. Swali ni la haki. Tangu 2017 vijiji vya Banyamulenge, Babembe, Bafuliiru na Banyindu vimechomwa kwa zamu. Hata suala la kuifanya Minembwe komini ya vijijini, iliyozinduliwa Septemba 2020, liliwasha nchi nzima kiasi kwamba Rais Tshisekedi alilisimamisha mwezi uliofuata. Walinda amani wa Umoja wa Mataifa waliondoka Kivu ya Kusini Juni 2024. Februari 2025 kundi la waasi la M23 liliingia Bukavu, mji mkuu wa jimbo, na siku chache baadaye Twirwaneho, kundi la wapiganaji wa Kinyamulenge, lilishika Minembwe na kujiunga na upande wa M23. Dawa ya hospitali inayotoka mjini kwenda milimani inaweza kuvuka mistari ya majeshi zaidi ya mmoja. Médecins Sans Frontières, waliofanya kazi Baraka tangu 2003, walipunguza mno kazi zao Fizi mwishoni mwa 2020 baada ya kushambuliwa mara kwa mara. Kama shirika lenye magari na redio limeshindwa, chupa itapitaje?

Jibu langu lina sehemu mbili. Ya kwanza, mofini ya maji iliyo hafifu ni mali isiyomfaa mwizi: ni chungu, ni nyingi kwa ujazo na ndogo kwa nguvu. Hospitali yenye ketamini na diazepamu kabatini tayari ina vitu vinavyotamaniwa zaidi, na hakuna anayesema upasuaji usimamishwe. Ya pili, dunia yenyewe imeshalikubali jambo hili kwa maandishi. Mwaka 2018 kitabu cha Sphere, ambacho mashirika ya misaada hukitumia kupima kazi zao katika maafa, kiliongeza kiwango cha tiba shufaa, na Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wake kwa maeneo ya dharura mwaka huohuo. Kabla ya hapo msaada wa vita ulihesabu waliookolewa tu. Asiyeweza kuokolewa aliwekwa pembeni ya hema. Shirika lolote linalofika Minembwe na masanduku ya dawa za dharura bila dawa ya anayekufa linavunja kiwango ambacho mashirika ya misaada yamejiwekea, na wakazi wana haki ya kuliuliza.

Sasa tuseme chupa imefika, muuguzi amefunzwa. Nani ashike kazi ya katikati?

Kongo ina reko, wahudumu wa afya wa kujitolea waliopo karibu kila kijiji. Wao ndio huambiwa wahamasishe chanjo, wapime utapiamlo, wagawe vyandarua, waripoti vifo, waite watu mikutanoni. Hawalipwi mshahara. Hupewa posho siku za kampeni, na mradi ukifungwa posho hufungwa. Misaada ya Marekani iliposimamishwa Januari 2025, reko wengi wa mashariki waliiona hali hiyo tena. Kuwatwisha wagonjwa wanaokufa juu ya mzigo huo ni kutowatendea haki, ingawa ndio wanaojua nyumba zote. Kazi yao ibaki kuwa ya kuona na kutoa taarifa.

Wa kukaa na mgonjwa tayari wapo makanisani. Mtu asiyeijua Nyanda za Juu huenda asielewe uzito wa makanisa kule: CELPA, CEPAC, Metodisti Huru, Wakatoliki na mengine yamejenga shule na vituo vya afya ambavyo serikali haikuwahi kuvijenga, na vikundi vya akina mama ndivyo vinavyojua nani hakuonekana Jumapili. Kazi ya kumgeuza mgonjwa, kumsafisha kinywa, kumfulia, kumsikiliza, wanaifanya. Wanachohitaji ni elimu ndogo inayoifanya kazi hiyo izae. Wengi hawajui, kwa mfano, kwamba kidonda cha saratani ya titi kinachonuka hadi watoto wakakimbia chumba kinaweza kunyunyiziwa vidonge vya metronidazoli vilivyosagwa, dawa iliyopo karibu kila duka, na harufu ikapungua ndani ya siku chache. Hawajui kwamba anayekunywa mofini lazima apewe kitu cha kulainisha choo, na kwamba pale pasipo na dawa ya dukani mbegu za papai zilizokaushwa na kusagwa hutumika. Hawajui kwamba dozi hutolewa kila baada ya saa 4 hata kama mgonjwa bado hajalia, kwa sababu kusubiri alie ni kuanza upya. Harufu, choo, saa: hayo matatu tu yangebadili nyumba nyingi, na hayahitaji chuo.

Kerala, jimbo la India, lilipima ni elimu kiasi gani inatosha. Kliniki ya maumivu ilianza Calicut mwaka 1993, mwaka uleule wa Kampala, na baadaye mtandao wa mitaa ukasambaa wilaya ya Malappuram na jirani zake. Anayetaka kujitolea hufundishwa saa 16 za darasani na siku 4 za kufuatana na wauguzi nyumbani kwa wagonjwa. Fedha nyingi huchangwa palepale, kidogo kidogo, na wanaochanga ndio wanaoamua. Mwaka 2008 serikali ya jimbo ikaitungia huduma hiyo sera. Simwambii mtu wa Minembwe aige Kerala. Kule kuna barabara na amani. Ila jambo la kuchanga analijua zaidi yao. Likirimba, mchango wa zamu unaozungushwa sokoni Madegu, Minembwe, inaweza kuwa na fungu moja la sabuni na metronidazoli bila kumwomba mfadhili yeyote.

Yapo mambo mawili ambayo mafunzo ya kigeni hayatayafundisha, na yakiachwa yataharibu kila kitu.

Moja ni karuho. Kivu nzima, mtu akikonda polepole, akitapika, ngozi ikibadilika, watu hunong'ona kwamba amelishwa sumu. Ugonjwa wa ini hutazamwa hivyo, Ukimwi hivyo, saratani ya tumbo hivyo. Mganga wa kienyeji wa karuho huitwa kabla ya muuguzi, na fedha huishia hapo. Zaidi ya yote, mashaka hugeukia kikombe: nani alimletea maziwa, nani alimpa uji? Sasa fikiria mama wa kujitolea, si wa ukoo huo, pengine si wa kabila hilo, anayeingia na chupa ya maji ya rangi na kusema kunywa. Mgonjwa akifa usiku ule, naye angekufa vyovyote, mama huyo yuko hatarini. Kwa hiyo dawa itolewe na mkono wa ndugu, mbele ya mashahidi, baada ya muuguzi kuieleza kwa familia nzima. Mtu wa kujitolea aangalie, akumbushe, asitie kitu kinywani mwa mgonjwa. Katika miongozo ya London au Kampala hutakuta sharti kama hilo. Ebola ilifika Mwenga, jirani ya nyanda hizo, Agosti 2019, mwaka ambao mashariki mwa Kongo wahudumu walishambuliwa mara nyingi, na sababu mojawapo ilikuwa watu kuona wagonjwa wao wanachukuliwa na wageni waliofunikwa nyuso na hawarudi. Anayetaka kumhudumia anayekufa asimtenge na macho ya jamaa zake.

La pili ni kabila, na nalisema wazi kwa sababu wote wanalijua. Mbembe wa Lulenge aliyepoteza nyumba hatampokea kwa urahisi Munyamulenge wa kujitolea, na Munyamulenge aliyekimbilia Mikenge hatampokea Mbembe. Vikundi vya kujitolea vitafuata mipaka hiyo mwanzoni. Nisingelazimisha viwe vya mchanganyiko ili mfadhili apate picha nzuri. Ninachosisitiza ni kwamba muuguzi na stoo ya dawa viwe vya wote, na kwamba mafunzo yafanyike pamoja pale panapowezekana, labda Baraka, labda Fizi mjini. Wauguzi wa makabila tofauti waliosoma darasa moja huendelea kupigiana simu vita vikiwa vinaendelea. Kupitia simu hizo mgonjwa anaweza kuvushwa.

Na malipo? Kuna wanaoamini kwamba kujitolea kunaharibiwa na fedha, na wengi wao wana mishahara. Mwanamke anayetoa asubuhi mbili kwa wiki kumhudumia asiye ndugu yake, katika nchi ambayo asubuhi ndiyo shamba, ametoa chakula cha wanawe. Sipendekezi mshahara, kwa sababu najua mshahara wa mradi huishia wapi: siku ukikatika, mwenye kupokea atasema kazi imekwisha, hata kama aliifanya bure miaka 20 kabla. Napendekeza vitu ambavyo jamii yenyewe inaweza kuvidumisha: yeye na watoto wake watibiwe bure katika kituo cha afya anachokisaidia, vikundi vya jirani vimlimie siku moja ya msimu, salio la simu lilipwe. Pia wanaume wasiachiwe waishie kwenye machela. Kubeba ni kazi ya siku moja yenye sifa nyingi. Kuuguza ni kazi ya miezi isiyo na sifa, na ni ya wanawake na mabinti. Kikundi cha wabebaji kinachotoza faini kwa asiyefika kubeba kinaweza pia kutoza kwa asiyefika kuchanja kuni na kuchota maji katika nyumba yenye mgonjwa. Hakuna mila inayokataza hilo.

Baada ya kifo kuna kilio, na hapo Minembwe haihitaji kufundishwa na mtu. Watu hukaa, huimba, hulala nje na wafiwa. Pengo huja baadaye, mjane anapobaki na deni la hospitali na shemeji wanaotazama shamba. Mtu wa kujitolea aliyeingia nyumba ile miezi mitatu ni shahidi wa nani aliuguza, nani alitumia nini na marehemu alisema nini. Ushahidi huo mbele ya wazee una thamani kuliko maua ya hospisi zote.

Kinshasa nako kuna sauti: shirika la Pallia Familli limefundisha wauguzi na kulipigania suala hili kwa miaka. Kutoka Kinshasa hadi Kiziba ni mbali, lakini ombi la milimani na la mji mkuu ni moja, na halihitaji hospisi yenye jengo. Wizara ya Afya itoe kanuni inayomtaja wazi muuguzi aliyefunzwa kuwa anaweza kuandika na kutoa mofini ya kunywa katika kituo chake. Ofisi za afya za kanda za Minembwe, Fizi na Nundu zichague wauguzi wachache wa kwenda kusoma. Mashirika yanayopeleka dawa za dharura yaweke mofini, dawa ya kulainisha choo na metronidazoli katika masanduku yao. Na yeyote anayeshika silaha barabarani ayaache masanduku hayo yapite. Wanaotawala milima watabadilika, wamebadilika mara nyingi. Uganda ilitunga kanuni yake mwaka 2004. Kongo imechelewa zaidi ya miaka 20, na mama wa kanisa aliyeko kando ya kitanda usiku huu hawezi kuitunga badala yake.